Vitabu vya Hadithi na Jinsi ya Kuvipima

Katika mambo ambayo sisi walimu twapenda kuyalalamikia, moja ni hili, ya kwamba vijana wa siku hizi hawasomi. Twalisema mbele ya wazazi, twalisema tukinywa chai, nasi twatikisa vichwa kana kwamba neno limekwisha thibitika. Lakini mtu akiangalia sana ataona ya kuwa si kweli yote. Vijana husoma. Ila vitabu wanavyovisoma kwa hiari yao, bila kuamriwa wala kuogopa mtihani, ni vile ambavyo sisi hatuvihesabu kuwa vitabu: hadithi za wauaji na wapelelezi, hadithi za mapenzi, na hadithi za nchi za ajabu zisizokuwapo duniani. Vitabu hivyo huvifunika kwa gazeti, huviweka chini ya dawati, na hupokezana mkono kwa mkono mpaka kurasa za mwisho hulegea na kutoka.

Kwa miaka mingi tumeshika ufunguo wa kabati la vitabu la shule yetu, nasi twajua kwa macho kitabu kipi husomwa na kipi hulala. Vile vyenye sifa kubwa na majalada mazito hukaa vikikusanya vumbi kwa heshima. Lakini katika daftari la kuazimia, chini ya majina ya hadithi za kusisimua, wanafunzi wamejiandika mstari kwa mstari hata ukingo wa karatasi umejaa. Basi katika kikao cha walimu lilitolewa shauri kwamba vitabu vya namna hiyo viondolewe vyote, kwa kuwa vyapoteza wakati na kuharibu tabia. Mwenzetu mmoja, mtu mzima tunayemheshimu, alisema, "Ndugu zangu, sumu haiwekwi jikoni." Neno lake lilikuwa zito, wala hatukuwa na jibu la papo hapo. Tukaombwa sisi tuvisome vitabu vitatu vinavyoulizwa sana, kimoja cha kila namna, ndipo tutoe maoni yetu. Haya ndiyo maoni yenyewe, nasi twayaandika hapa kwa kuwa twadhani shauri kama hilo halikutolewa katika shule yetu peke yake.

Kabla ya kupima, yafaa mtu awe na kipimo. Hakuna apimaye kitambaa kwa kibaba, wala mchele kwa pima. Wengi wetu twazishutumu hadithi hizi kwa sababu si tenzi, wala si vitabu vya hekima, wala hazifundishi historia. Hukumu hiyo si ya haki, maana hazikuahidi hayo. Kila hadithi humpa msomaji wake ahadi katika kurasa za kwanza. Hadithi ya upelelezi husema, "Liko jambo lililofichwa, nami nitakufunulia bila ya kukudanganya." Hadithi ya mapenzi husema, "Nitakuonyesha watu wawili wanaotafutana, nawe utajua kama wanastahiliana." Hadithi ya nchi ya ajabu husema, "Nitakupeleka mahali penye sheria nyingine, lakini sheria zitakuwapo." Ahadi ni deni. Sisi twashika kipimo hiki: je, mwandishi amelilipa deni lake? Tena, katika kulilipa, amemwacha msomaji wake akiwa na macho zaidi, au amemtia upofu?

Kitabu cha kwanza ni The Silent Patient, maana yake Mgonjwa Asiyesema, alichokitunga Alex Michaelides, mzaliwa wa Kupro, kikapigwa chapa mwaka 2019. Mwanamke mchoraji, jina lake Alicia Berenson, akaaye London, ampiga mumewe risasi tano, na tangu usiku ule hasemi neno hata moja, wala kwa polisi, wala mahakamani, wala kwa jamaa zake. Kitu pekee alichokifanya ni kuchora picha yake mwenyewe na kuiandika jina la Alcestis, yule mwanamke wa hadithi za Wayunani wa kale aliyekubali kufa badala ya mumewe, kisha akarudishwa kutoka kuzimu, naye akawa kimya. Alicia awekwa katika hospitali ya wenye maradhi ya akili, na mtu mmoja mwenye kazi ya kuwatuliza wagonjwa kwa mazungumzo, Theo Faber, aomba kazi huko ili amfanye aseme. Theo ndiye atusimuliaye.

Kitabu hiki kilitukesha mpaka jogoo wa kwanza. Mwisho wake hatutausema, kwa kuwa kumwambia mtu mwisho wa hadithi ya namna hii ni kumla nyama na kumwachia mfupa. Twasema hili tu: tulipokwisha, tulirudi mwanzo tukakisoma mara ya pili, kalamu mkononi, tukitafuta mahali mwandishi aliposema uongo. Hatukupaona. Mwandishi hunyamaza juu ya jambo moja, na pengo lile sisi wenyewe hulijaza kwa kudhani. Mwaka 1926, Agatha Christie wa Uingereza alipotoa kitabu chake The Murder of Roger Ackroyd, wasomaji wengine walinung'unika kwamba wamechezewa, na wengine wakamtetea wakisema kwamba kazi ya msomaji ni kumshuku kila mtu. Sisi twasimama upande wa watetezi. Kijana aliyedanganywa na kitabu, kisha akarudi nyuma akaona kwa macho yake jinsi alivyodanganywa, amejifunza jambo ambalo somo la darasani halimfunzi kwa urahisi: ya kuwa mtu asemaye kwa sauti ya upole, ajielezaye sana kwamba ataka kusaidia, naye ni wa kuangaliwa. Afadhali ajifunze hayo kwa kitabu cha kuazima kuliko kwa mtu mwenye maneno matamu atakayekuja kuchukua shamba la baba yake.

Hata hivyo kitabu hiki kina kasoro, nayo si ndogo. Wauguzi, matabibu na jamaa za Alicia wamewekwa pale ili washukiwe tu. Zamu ya kushukiwa ikiisha, huachwa kama vikombe baada ya chai. Na wagonjwa wenzake hutokea kama vitu vya kutisha, kana kwamba mtu mwenye ugonjwa wa akili hana mama wala jina la utoto. Msomaji kijana asipoambiwa hayo, atakuja kumpita jirani yake mgonjwa kwa mbio. Mwandishi amelipa deni lake la kufunua, ila amelipa kwa fedha za watu wengine.

Hapo twamkumbuka Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichopigwa chapa mwaka 1960, mtu auawa, na watu wasema kwamba ni kazi ya mzimu. Bwana Msa avuta kiko chake, asikiliza, wala hawacheki wenye kuogopa. Lakini yeye atafuta mkono wa binadamu. Kila asomaye aona ya kuwa amezaliwa katika ukoo wa Sherlock Holmes, naye Najum ndiye rafiki amwandamaye. Lakini tazama alivyoongeza faida. Msomaji wa Bwana Msa hajui mwuaji tu. Ajua pia ya kwamba hofu ya watu wengi yaweza kuwa na mwenyewe mmoja aitumiaye. Hilo ni deni lililolipwa pamoja na bakshishi.

Kitabu cha pili ndicho kilichotupa kazi kubwa. Ni It Ends with Us, maana yake Laishia Kwetu, cha Colleen Hoover wa Marekani, kilichotoka mwaka 2016, na mwaka 2024 kikafanywa sinema. Msichana Lily Bloom ameombwa na mama yake aseme mema ya baba yake katika maziko. Asimama mbele ya watu, anyamaza, na kushuka bila ya kusema hata neno moja jema, maana baba yule, mtu wa kuheshimiwa mjini, alikuwa akimpiga mama yake nyumbani. Baadaye Lily afungua duka la maua katika mji wa Boston, apendana na Ryle Kincaid, daktari apasuaye watu ubongo, kijana mzuri, mcheshi, mwenye bidii. Na siku moja jikoni, Ryle aungua mkono, Lily acheka, na Ryle ampiga. Aomba radhi, alia, aapa. Nao waoana.

Hapo twaona ustadi wa mwandishi huyu. Angalimwonyesha Ryle kuwa mwovu tangu mwanzo, kila msomaji angalisema, "Mimi ningekwenda zangu." Lakini amemfanya tumpende kwanza. Twamtetea moyoni, twamtafutia udhuru, twasema ni mara moja tu. Kisha yaja mara ya pili, na ya tatu, nasi tumekwisha shiriki katika kumtetea. Lily aliyemdharau mama yake kwa kutoondoka ajikuta akihesabu udhuru zilezile. Wazee walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Swali amwulizalo mumewe karibu na mwisho, juu ya mtoto wao wa kike, ni swali ambalo kila baba apaswa kuulizwa kabla hajainua mkono. Mwandishi asema mwenyewe katika maneno ya mwisho ya kitabu kwamba ameandika kwa ajili ya mama yake, na hilo laonekana.

Tulimpa kitabu hiki bibi mwalimu mmoja wa shule yetu, ili tusihukumu peke yetu. Alikirudisha baada ya siku nne, akasema, "Mwalimu, mimi sikusoma habari za Boston. Nimesoma habari za mtaa wetu." Kisha akatuambia jambo ambalo hatukulifikiri. Alisema kwamba wasichana wake wa kidato cha tatu, akiwauliza dalili ya mapenzi ya kweli, wa kwanza husema wivu. Mvulana akimkataza msichana asiongee na watu, akimshika mkono kwa nguvu, husema, "Ananipenda huyu." Wameyatoa wapi mafundisho hayo? Wengine wameyatoa nyumbani, wengine katika nyimbo, na wengine, ndiyo, katika hadithi za mapenzi zilizo mbaya. Basi iko sumu, kama alivyosema mwenzetu. Lakini angalia, hiki kitabu kimoja kati ya hivyo ndicho kiitajacho sumu hiyo kwa jina.

Kasoro zake nazo ni za kutajwa. Kwanza, kina kurasa za faragha ya wapendanao ambazo hatuwezi kuziweka mbele ya watoto. Hilo twalisema wazi, nasi hatutakiacha kabatini kwa kila mkono. Pili, Atlas, mpenzi wa Lily wa zamani, atokea kila anapohitajiwa, amekwisha pata mali, hana kosa wala hasira, kana kwamba mwanamke hawezi kutoka katika nyumba ya mateso ila kuwe na mwanamume mwingine mlangoni. Wanawake wengi wametoka bila ya Atlas, nao wastahili hadithi yao. Tatu, kitabu chauzwa kama tamu ya mapenzi. Na mwaka 2023 ilipotangazwa kwamba kitatolewa kitabu cha picha za kutia rangi kilichotokana nacho, wasomaji wengi walikasirika, na shauri lile likaachwa. Walikuwa na haki. Ahadi ya kitabu haitolewi na mwandishi tu. Hutolewa pia na jalada lake.

Kitabu cha tatu ni Children of Blood and Bone, maana yake Watoto wa Damu na Mfupa, cha Tomi Adeyemi, aliyezaliwa Marekani na wazazi wa Nijeria, kilichotoka mwaka 2018. Nchi yake yaitwa Orïsha, nchi ya kubuni iliyojengwa juu ya imani na majina ya Wayoruba. Hapo kale walikuwako watu wenye uwezo wa ajabu, wa moto, wa maji, wa roho za wafu, kila ukoo na mungu wake. Mfalme Saran aliuvunja uwezo ule akawaua wenye nao, na watoto wao, wajulikanao kwa nywele zao nyeupe, wakabaki wakitozwa kodi na kudharauliwa. Zélie, binti wa mvuvi, ambaye mama yake aliuawa na watu wa mfalme, akutana na binti wa mfalme mwenyewe, Amari, aliyetoroka na hati ya kukunjwa iwezayo kuurudisha uwezo. Mwana wa mfalme, Inan, awafuata ili awakamate, na njiani agundua kwamba kile akichukiacho kimo ndani yake.

Wako wasemao kwamba hadithi za uganga zawarudisha vijana gizani. Sisi twasema yategemea kama nchi ile ina sheria. Palipo na uwezo usio na gharama, ambapo shujaa asema neno na mlima waondoka, msomaji hajifunzi kitu ila kutamani. Lakini katika kitabu hiki uwezo una bei. Hula nguvu za mwili wake autumiaye, na ukitumiwa kwa hasira huwaumiza hata wale apendao. Tena mfalme mkatili hakufanywa mkatili bure. Jamaa zake mwenyewe waliuawa na wenye uwezo ule, na hofu yake ikageuka kuwa sheria ya nchi. Hilo ni jambo la kufikiriwa sana na kijana: kwamba dhuluma huanza mara nyingi kwa mtu aliyeumizwa kweli, kisha akawalipisha wasiomdhuru. Mwandishi aeleza mwishoni mwa kitabu ya kuwa aliandika akiwa na uchungu wa watu weusi waliokuwa wakiuawa na polisi katika Marekani. Kwa hiyo nchi ile ya kubuni haikuwa mbali sana na ramani.

Yasiyotupendeza ni mawili. Hadithi yasimuliwa kwa vinywa vya Zélie, Amari na Inan kwa zamu, lakini mara nyingi ukifunika jina lililo juu ya sura hujui ni nani asemaye. Na mapenzi ya Zélie na Inan yaja upesi mno. Jana walikuwa na panga mkononi, leo moyo wayeyuka. Katika hadithi ya mapenzi deni hilo lingekuwa kubwa. Hapa twasamehe nusu.

Lakini lilitugusa jambo jingine zaidi ya hadithi yenyewe. Katika kitabu hiki maneno ya kuamsha uwezo husemwa kwa Kiyoruba. Mwandishi aliyekulia Marekani, aandikaye kwa Kiingereza, alipotafuta sauti yenye nguvu aliikuta katika lugha ya wazee wake. Tukafunga kitabu, tukalitazama kabati letu, tukaona ya kuwa vitabu vyote vitatu vinavyogombewa na wanafunzi wetu vimeandikwa kwa Kiingereza. Na wale wasiokijua vema Kiingereza husoma nusu wakidhani nusu.

Haikuwa hivi siku zote. Nchi ya ajabu si mgeni katika Kiswahili. Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951, nchi iliyo angani, ambamo Karama ashitakiwa kwa kosa la kuwafundisha watu elimu ya sheria, naye ajitetea mbele ya mfalme kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa pande zote wakarudi na heri, wakatiwa kifungoni. Huo ni mfano wa deni lililolipwa kamili: nchi haipo, lakini kila msomaji amekwisha kaa humo. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo; mwaka 1974 Elvis Musiba akamleta mpelelezi Willy Gamba katika Kufa na Kupona; baadaye Ben Mtobwa akaja na Joram Kiango wake. Vitabu hivyo vilisomwa na makarani, madereva na wanafunzi, nao walionunua hawakuwa wameamriwa na mtu.

Kisha mto ule ulipungua maji. Wapiga chapa waliona kwamba kitabu kilichoteuliwa kwa mtihani kina wanunuzi wa hakika, na kile cha kufurahisha hakina. Basi wakaandama cha hakika. Hatuwalaumu, maana nao wana mishahara ya kulipa. Wala hatusemi kwamba maji yamekauka. Tangu mwaka 2014 iko tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa na kampuni ya mabati pamoja na Chuo Kikuu cha Cornell, na miongoni mwa vilivyopata heshima yake ya kwanza ni Kolonia Santita cha Enock Maregesi, hadithi ya ujasusi na wafanya biashara ya madawa ya kulevya. Katika Tanzania, Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilianza kutolewa mwaka 2023. Na vijana wengine huandika hadithi kwa sehemu sehemu, wakizipeleka kwa simu, na wasomaji hungojea sehemu ya kesho kama watu wangojeavyo mashua. Wako waandishi, wako wasomaji. Kilichopungua ni watu wa katikati wa kuchuja pumba na mchele. Sisi walimu tungekuwa miongoni mwa watu hao, kama tusingeona haya kuonekana tukisoma.

Turudi kwenye shauri la kuviondoa vitabu. Yako mafundisho katika Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1971. Ni habari ya msichana aliyezuiwa na baba mkali asijue lolote juu ya wanaume. Na alipotoka chini ya mkono wa baba yule, dunia ikamfundisha kwa siku chache yale aliyonyimwa kwa miaka, nayo ikamwangamiza. Kitabu hicho chenyewe kilikatazwa mashuleni kwa muda. Yaani kitabu kilichoonya juu ya kumficha msichana, nacho kilifichwa wasichana wasikione. Hatujui mfano ulio wazi kuliko huo. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu hauna subira ya mwalimu.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Kwanza, vitabu hivi visiondolewe vyote, wala visiachwe vyote ovyo. Cha upelelezi na cha nchi ya ajabu vibaki. Cha mapenzi, kwa ajili ya kurasa tulizozitaja, kikae kwa walimu na wazazi. Lakini jambo lililomo lisifungiwe pamoja nacho. Bibi mwalimu yule amekubali kuzungumza na wasichana juu ya wivu na mkono unaoinuliwa, na twaomba mwalimu mwanamume afanye vivyo hivyo kwa wavulana, maana Ryle hakuwa msichana. Pili, kila kitabu cha Kiingereza kinachoingia kwa mlango huo kiandamane na kimoja cha Kiswahili cha namna ile ile, ili furaha ya vijana wetu isihamie ugenini yote. Tatu, iwepo saa moja katika juma, baada ya masomo, ambapo mwanafunzi atasimama na kusema amesoma nini, ahadi ya kitabu ilikuwa nini, na kama deni limelipwa. Asiulizwe kama kitabu ni kizuri, maana atajibu apendavyo mwalimu. Aulizwe: ni nani katika kitabu hiki aliyeonewa na mwandishi? Ni wapi ulipoambiwa uamini bila ya kuonyeshwa? Ni neno gani ambalo usingependa ndugu yako mdogo aliamini?

Mwenzetu aliyesema juu ya sumu alitusikiliza hata mwisho, akauliza, "Na wakijibu vibaya?" Tukamjibu kwamba wajibupo vibaya mbele yetu tutasikia, na wajibupo vibaya chini ya dawati hatutasikia. Hakukubali yote, nasi hatumlazimishi. Ameomba muda, na kikao kimemwachia. Lakini tulimwona jioni ile akiondoka na Mzimu wa Watu wa Kale kwapani, naye hakukifunika kwa gazeti.

Tulionalo sisi ni kwamba jikoni hapakosi visu, moto wala pilipili, na mtoto afundishwa kuvitumia kwa kuwa atakula maisha yake yote. Vivyo hivyo kijana atasikia hadithi maisha yake yote: za wanasiasa, za wachumba, za wauza bidhaa, za waganga wa barabarani. Kila mmoja atamwahidi kitu katika maneno yake ya kwanza. Akiwa amezoea tangu shuleni kuuliza ahadi ni ipi na deni limelipwa wapi, hatakuwa mawindo rahisi. Ndugu walimu, na tuvisome vitabu vyao pamoja nao.